Kutoka Entebbe Hadi London: Maili ni Zile Zile, Saa Hubadilika

Jambo moja hubishaniwa mara kwa mara mabwenini: ni mwendo wa saa ngapi kwa ndege kutoka Entebbe hadi London? Mmoja husema saa sita. Mwingine husema tisa. Wa tatu, ambaye mjomba wake amewahi kusafiri, hushikilia kuwa ni kumi na sita, na yuko tayari kuapa. Ajabu ni kwamba wote watatu waweza kuwa wamesema kweli. Katika makala hii nitajaribu kueleza jinsi umbali huo unavyopimwa, kwa nini saa za safari hazilingani siku zote, na jinsi ya kuusoma wakati ulioandikwa katika tiketi. Natumaini yatawafaa wanafunzi wenzangu, na pia kaka zetu waliotutangulia shuleni ambao huitwa ng'ambo kwa masomo au kwa kazi.

UMBALI

Tuanze na umbali, maana huo ndio usiobadilika. Ukitazama ramani ya ukutani darasani, utaiona Entebbe katikati ya Afrika na London juu, upande wa kushoto. Mtu hushawishika kuchukua rula na kupima. Lakini ramani ni karatasi bapa, na dunia ni mviringo kama chungwa. Ganda la chungwa halikubali kulazwa juu ya meza bila kupasuka. Hali kadhalika uso wa dunia haukubali kulazwa juu ya karatasi bila kuvutwa hapa na kubanwa pale. Kwa hiyo rula hudanganya. Chombo cha kweli ni lile tufe la dunia lililo juu ya kabati ya jiografia, pamoja na kipande cha kamba nyembamba. Shika ncha moja Entebbe na ya pili London, uivute mpaka ikaze. Njia inayofuatwa na kamba ndiyo fupi kuliko zote. Nayo ni sehemu ya duara kuu, yaani duara linaloigawa dunia nusu kwa nusu, kama Ikweta ilivyo.

Sisi tunaokaa Uganda tuna bahati katika hesabu hii. Kiwanja cha ndege cha Entebbe kiko kilomita chache tu kaskazini ya Ikweta, mstari ule ule ambao wasafiri husimama kupiga picha pale Kayabwe katika barabara ya Masaka. Kwa sababu hiyo hesabu ambayo mahali pengine hutaka kanuni ndefu, kwetu yamalizika kwa mistari michache.

Fanya hivi. Entebbe iko longitudo digrii 32½ mashariki ya Greenwich, na kiwanja cha Heathrow huko London kiko karibu nusu digrii magharibi yake. Tofauti ni digrii 33. Latitudo ya London ni digrii 51½ kaskazini. Sasa fikiri kwamba umeondoka Entebbe ukifuata Ikweta kwenda magharibi digrii 33. Utapita Kongo, utapita Gabon, hata ufike baharini kusini ya Ghana. Hapo geuka kulia, uelekee kaskazini moja kwa moja digrii 51½, nawe utafika London. Umechora pembetatu yenye pembe mraba, na njia fupi tunayoitafuta ni upande wa tatu, ule unaoikabili pembe hiyo.

Kama dunia ingalikuwa bapa, tungalitumia kanuni ya Pythagoras tuliyofundishwa zamani. Mraba wa 33 ni 1,089, na mraba wa 51½ ni 2,652. Jumla ni 3,741, na kipeuo chake cha pili ni 61 na kidogo. Kila digrii moja ya duara kuu ni kilomita 111, basi jibu lingalikuwa karibu kilomita 6,800. Lakini juu ya tufe kanuni ni nyingine, nayo ni nyepesi: zidisha kosaini za pande mbili fupi, utapata kosaini ya upande wa tatu. Kosaini ya digrii 33 ni 0.8387, na ya digrii 51½ ni 0.6225. Ukizizidisha utapata 0.5221. Tafuta katika jedwali la kosaini, utaona kwamba pembe inayokaribiana na hesabu hiyo ni digrii 58½. Zidisha kwa 111, na jibu ni karibu kilomita 6,500.

Kwa maili za nchi kavu ni 4,000 na kidogo. Marubani wao hupima kwa maili za bahari, kwa kuwa maili moja ya bahari ni sehemu ya 60 ya digrii, nao husema 3,510. Kiwanja cha Gatwick, kilicho kusini ya mji wa London, kiko karibu zaidi kwa kilomita 40 hivi. Lakini tazama jambo lililo kubwa: mviringo wa dunia umetupunguzia kilomita 300 ambazo karatasi bapa ilitaka kututoza.

MWENDO WA NDEGE

Ndege kubwa za abiria huruka juu kiasi cha kilomita 10 hadi 12, na huenda karibu kilomita 870 kwa saa. Gawanya 6,500 kwa 870, utapata saa saba na nusu. Hiyo ndiyo hesabu ya kitabu. Kwa kweli ndege haianzi safari ikiwa tayari angani na mwendo wake wote. Hutembea kwanza chini mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, hungoja zamu, hupanda polepole ikiwa nzito kwa mafuta, na mwisho hupunguza mwendo ikishuka. London ni mji wenye ndege nyingi, na mara nyingine huambiwa zizunguke juu zikingoja nafasi ya kutua. Ndiyo sababu ratiba za safari isiyosimama njiani huandika saa nane na nusu au tisa. Basi yule wa pili katika ubishi wetu amepata haki yake.

Labda msomaji atauliza: kwa nini ndege zisiende upesi zaidi, nasi twaishi katika zama za maarifa makubwa? Jibu ni sauti. Huko juu, penye baridi kali, sauti husafiri karibu kilomita 1,060 kwa saa. Ndege inapokaribia mwendo huo, hewa iliyo mbele yake haipati nafasi ya kupisha. Hubanwa na kuwa kama ukuta, na mafuta huliwa bila faida. Concorde ilikuwa ndege ya abiria iliyoupita mwendo wa sauti. Ilianza kazi mwaka 1976, nayo ikaachwa mwaka 2003, kwa kuwa gharama yake ilikuwa kubwa mno. Tangu hapo abiria wote wa dunia wamerudi upande wa huku wa ukuta.

Lakini tusidhani kwamba saa tisa zilikuwapo tangu mwanzo. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilianza safari ya kila juma kutoka London hadi Mwanza, katika Ziwa Victoria. Kutoka Khartoum kuja kusini abiria walipanda ndege za kutua majini, zikifuata bonde la Nile na kutua Port Bell karibu na Kampala, kisha Kisumu. Ndege hizo ziliruka mchana, na usiku abiria walishuka wakalala. Safari ilihesabiwa kwa siku, si kwa saa.

Mwaka 1952 kiwanja cha Entebbe kiliona mambo mawili ambayo yafaa kuwekwa pamoja. Tarehe 6 Februari mfalme George wa Sita wa Uingereza alifariki, na binti yake Elizabeth alikuwa Kenya. Aliletwa kwa ndege ndogo kutoka Nanyuki hadi Entebbe, ambako ndege kubwa ya mapangaboi manne ilikuwa ikimngoja. Alikuwa amekwisha kuwa malkia, lakini mvua ya radi juu ya ziwa haikumjua. Ilimchelewesha pale pale kiwanjani mpaka ilipotulia. Ndege iliondoka usiku, ikatua El Adem huko Libya kutia mafuta, na ikafika London siku ya pili alasiri.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 2 Mei 1952, ndege ya Comet iliondoka London ikiwa na abiria 36 kwenda Johannesburg. Hiyo ilikuwa safari ya kwanza duniani ya abiria wenye kulipa kupanda ndege ya jeti. Ilisimama Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na safari yote, iliyopita maili 6,700, ilimalizika kabla ya saa 24 kutimia. Basi Entebbe ilikuwa kituo cha safari ya jeti tangu siku ya kwanza. Upesi huo ulilipiwa kwa maisha ya watu. Mwaka 1954 Comet mbili zilipasuka angani, na ya kwanza ilikuwa ile ile iliyopita Entebbe. Wataalamu waligundua kwamba bati la ndege huchoka kwa kujazwa hewa na kupunguzwa mara nyingi, likaanza kupasuka kwenye pembe za matundu yaliyokatwa, kama vile madirisha. Kila ndege tunayoipanda leo imejengwa kwa fundisho hilo.

Baada ya hapo shirika letu la pamoja la Afrika Mashariki, East African Airways, lilipata ndege za Super VC10 mwaka 1966, nazo zikaruka kati ya nchi zetu na London mpaka shirika lilipovunjika mwaka 1977. Jambo la kushangaza ni kwamba VC10 haikuwa na mwendo mdogo kuliko ndege za leo. Ndege za leo zimeshinda kwa kula mafuta kidogo na kwenda mbali bila kusimama; kwa mwendo hazikushinda.

UPEPO

Wengine huuliza swali zuri: kama dunia inazunguka kuelekea mashariki, na hapa Ikweta huzunguka karibu kilomita 1,670 kwa saa, kwa nini ndege isipande juu tu na kungoja mahali pa magharibi paje chini yake? Ingalikuwa safari ya bure kabisa. Haiwezekani, kwa sababu hewa nayo huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa. Mwanafunzi anayerusha mpira juu ndani ya basi lililo mwendoni huudaka tena mkononi. Haumwachi ukaanguka kiti cha nyuma.

Hata hivyo mzunguko wa dunia una kazi yake kwa njia nyingine. Hewa yenye joto hupanda hapa kwetu Ikweta, ikaelekea kaskazini na kusini. Huku Ikweta ardhi huzunguka upesi kuliko kule kaskazini, na hewa hiyo huondoka na upesi wake. Kwa hiyo ikifika mbali huitangulia ardhi iliyo chini yake na kuvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Huko juu, hasa baina ya digrii 30 na 60, hukusanyika ikawa kama mto mwembamba wa upepo, ambao mara nyingine hupita kilomita 200 kwa saa. Ndege inayoufuata husukumwa, inayoukabili huzuiwa.

Njia yetu ya London huelekea zaidi kaskazini, kwa hiyo upepo huo huipiga ubavuni, na tofauti ya kwenda na kurudi si kubwa. Ukitaka kuiona vizuri, tazama jirani zetu. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza safari kutoka Nairobi hadi New York bila kusimama njiani. Kwenda, ambako ni magharibi, ilitangazwa kuwa saa 15. Kurudi saa 14. Njia ni ile ile, kilomita ni zile zile 11,800 hivi, lakini upepo umechukua saa nzima.

NCHI ZILIZO CHINI

Sasa rudi kwenye tufe na uitazame tena kamba yako. Inatoka Entebbe, inapita juu ya West Nile karibu na Arua, inaingia Sudan Kusini, halafu Sudan upande wa Darfur. Hugusa pembe ya Chad, hukata Libya katikati, huvuka bahari ya Mediterania karibu na Malta na Sicily, hupita Corsica na Ufaransa, ndipo hufika London. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote. Zisome tena nchi hizo polepole, utaona kwamba sehemu kubwa ya upande wa Afrika ni nchi ambazo katika miaka hii yetu zimeona vita.

Ndege haipiti juu ya nchi bila ruhusa ya wenyewe, wala bila watu wa chini wanaoiongoza kwa redio. Baada ya mapigano ya mwaka 2014 kampuni nyingi ziliacha kupita juu ya Libya. Tarehe 15 Aprili 2023 vita vilizuka Khartoum baina ya jeshi la Sudan na kikosi cha Rapid Support Forces. Kiwanja cha ndege cha Khartoum, kile kile alichotua Comet mwaka 1952, kilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kushambuliwa, na anga la Sudan likafungwa kwa ndege za abiria. Baadaye mwaka huo sehemu ya mashariki tu ndiyo iliyofunguliwa tena.

Ndege iliyozoea kunyoosha njia ilibidi ipinde. Nimepima kwa tufe njia moja ya kuzunguka: kutoka Entebbe kupita Ethiopia mpaka Bahari ya Shamu mbele ya Eritrea, kisha Misri na kuvuka bahari kwenda London. Badala ya digrii 58½ nimepata zaidi kidogo ya 65. Tofauti ni kilomita 700 hivi au zaidi, nayo ni karibu saa nzima angani. Ndege kubwa ya namna ya Airbus A330 hula kiasi cha tani tano au sita za mafuta kwa saa, na bei ya mafuta hayo huingia katika tiketi ya kila abiria.

Hapa nataka msomaji atulie kidogo. Abiria aliyelala kitini hajui kwamba ndege imepinda. Huona tu kwamba amechelewa kwa saa moja, akalalamika. Lakini chini ya kamba ile ile, huko West Nile, kuna makambi ya watu waliokimbia vita vya Sudan Kusini, na wengi wao walifika kwa miguu. Kambi ya Bidi Bidi, karibu na Yumbe, ilifunguliwa mwaka 2016. Kutoka nyumbani kwao mpaka mpakani si mbali. Ndege huimaliza njia hiyo kabla abiria hajanywa chai. Wao waliipita kwa siku nyingi, usiku wakijificha, na wako walioishia njiani. Tukisema kwamba amani hufupisha njia, basi hesabu yake isianze na wale walio juu.

NJIA YA KUUNGANISHA

Kuna sababu nyingine ya saa kuongezeka, nayo ni biashara. Mwezi wa Oktoba 2015 British Airways iliacha kuja Entebbe. Kwa karibu miaka kumi hapakuwa na ndege ya moja kwa moja kati ya Entebbe na London. Shirika la Uganda Airlines, ambalo la kwanza lilifungwa mwaka 2001 na likafufuliwa mwaka 2019, lilianza safari ya Entebbe hadi Gatwick tarehe 18 Mei 2025.

Katika miaka ile ya katikati msafiri alipita mahali pengine, kama Amsterdam, Brussels, Addis Ababa, Nairobi au Dubai. Tuchukue Dubai kuwa mfano. Tumia kanuni yetu ya kosaini: Dubai iko latitudo digrii 25¼, na tofauti ya longitudo na Entebbe ni digrii 23. Utapata karibu kilomita 3,700. Kutoka Dubai hadi London ni 5,500 nyingine. Jumla ni 9,200, yaani 2,700 zaidi ya njia ya kamba. Ongeza saa tatu au nne za kungoja kiwanjani, na safari imefika saa kumi na sita. Basi yule mwenye mjomba hakuapa uongo. Kamba ya tufe inajua njia fupi. Mwenye tiketi hujua njia iliyopo na bei anayoiweza.

SAA YA UKUTANI NA SAA YA TIKETI

Limebaki jambo ambalo limewaponza watu wengi kuliko upepo na vita. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, kwa hiyo digrii 15 ni saa moja. Entebbe ikiwa digrii 32½ mashariki, jua letu huitangulia Greenwich kwa saa mbili na dakika kumi. Lakini serikali za Afrika Mashariki zimechagua saa tatu kamili, ili nchi zetu ziwe na wakati mmoja. Waingereza nao husogeza saa zao mbele kwa saa moja kutoka Jumapili ya mwisho ya Machi mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo tofauti kati yetu nao ni saa tatu wakati wao wa baridi, na saa mbili wakati wao wa joto.

Tuseme ndege inaondoka Entebbe saa tano usiku mwezi wa Januari, na inakwenda muda wa saa tisa. Kwetu itakuwa saa mbili asubuhi, lakini saa ya ukutani London yaonyesha saa kumi na moja alfajiri. Anayetazama saa za ukutani tu atasema amesafiri saa sita. Huyo ndiye wa kwanza katika ubishi wetu. Akirudi, aondoke London saa mbili usiku na kwenda muda wa saa nane na nusu, atafika Entebbe saa moja na nusu asubuhi, na kwa hesabu yake ile ile atasema ni saa kumi na moja na nusu. Upepo haukufanya hayo. Kanuni ni hii: kabla ya kutoa, geuza saa zote mbili ziwe za mahali pamoja.

Sisi wenye Kiswahili tuna hatari nyingine juu ya hiyo. Saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na linapotua, na majirani zetu Waganda huhesabu vivyo hivyo. Tiketi huanza kuhesabu usiku wa manane. Tiketi ikisema 09:00, kwetu ni saa tatu asubuhi. Ikisema 03:00, ni saa tisa usiku. Ikisema 15:00, ni saa tisa mchana. Na ukimwambia mzee kijijini kwamba ndege inafika "saa nane", haijulikani kama wasema muda wa safari, au saa nane mchana, au ile nane ya Kizungu iliyo saa mbili kwetu. Afadhali kusema maneno mengi kidogo: muda wa saa nane, au saa nane mchana.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya tarehe. Kwa desturi ya zamani ya Waswahili siku huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku wa Jumatano ni ule unaotangulia mchana wa Jumatano. Siku hizi watu wengi husema kinyume. Tiketi nayo hubadili siku kati ya usiku. Mama mmoja wa parokia yetu alikuwa akisafiri kumwona binti yake aliyelazwa hospitali huko London. Tiketi ilisema Jumatano, 00:40. Jamaa zake walimsindikiza Jumatano jioni kwa magari mawili, wakiimba, na mapema kabisa ili wasichelewe. Ndege yake ilikuwa imeondoka usiku uliopita, na kwa wakati ule walioufika kiwanjani yeye angalikuwa amekwisha kukaa kando ya kitanda cha mwanawe. Tiketi ilipotea, na parokia ilichanga upya. Alikwenda juma lililofuata, akamkuta binti yake hai, tunamshukuru Mungu. Lakini si kila mgonjwa hungoja juma zima.

Kwa hiyo ukiona tiketi yenye 00:10 au 01:30 ya Jumatano, jiambie hivi: Jumanne jioni niwe kiwanjani. Andika hivyo katika karatasi, kwa maneno, uiweke pamoja na pasi. Hesabu pia saa tatu za kufika kabla ya ndege kuondoka, na barabara ya kutoka Kampala hadi Entebbe, ambayo ni kilomita 40 hivi tu, lakini siku ya foleni yaweza kukuchukua muda ambao ndege ingekufikisha Sudan.

HESABU KWA WASOMAJI

Namaliza kwa maswali matatu, ili kanuni isisahauliwe. La kwanza: mji wa Quito, huko Ecuador, nao uko karibu kabisa na Ikweta, longitudo digrii 78½ magharibi. Ni kilomita ngapi kutoka Entebbe? Hili halitaki hata kosaini. La pili: Cairo iko latitudo digrii 30 kaskazini, na longitudo yake ni digrii moja tu pungufu ya ile ya Entebbe. Ni mbali kiasi gani, na ndege ya kilomita 870 kwa saa itatumia muda gani? La tatu: ndege inaondoka London tarehe 20 Julai saa 21:30 kwa saa ya huko, nayo inakwenda muda wa saa nane na dakika arobaini. Itatua Entebbe siku gani na saa ngapi, kwa saa ya tiketi na kwa saa ya Kiswahili? Na anayekwenda kuipokea atoke Kampala lini?